Dar es Salaam, utakaa wapi bila kununua soda?

Mgeni akifika Dar siku hizi anaonyeshwa maghorofa. Ndugu zake wanampitisha Daraja la Tanzanite usiku taa zikiwa zimewaka, wanampeleka Posta ainue shingo mpaka kofia idondoke, kisha wanampiga picha na minara nyuma yake. Picha inaingia kwenye stetasi kabla hata hajafika alikofikia. Sina ugomvi na hilo. Mji umekua, na kuona fahari ni haki ya wenye mji. Sensa ya 1967 ilikuta watu 272,821 hapa. Ya 2022 ikakuta 5,383,728. Wote hao hawawezi kutoshea kwenye nyumba za chini.

Ila mimi majengo napima kwa kipimo changu, na hakihusiani na urefu. Chukulia umetumwa mjini. Ofisi uliyoifuata imekwambia urudi saa nane. Sasa hivi ni saa sita na nusu, jua liko utosini, mfukoni una nauli ya kurudia na si zaidi. Utakaa wapi? Sisemi mgahawani, ambako utanunua soda ili kulipia kiti. Nasema kukaa tu, kama mtu aliye mjini kwao. Mtaa unaonipa jibu la swali hilo naupenda hata kama rangi imebanduka. Mtaa usio na jibu naupita haraka, hata ukiwa na vioo vya buluu kutoka chini hadi juu.

Mji wa zamani ulikuwa na jibu, na bado linaonekana ukitoka Samora ukaingia mitaa ya Uhindini kuelekea Kisutu. Zile nyumba za ghorofa moja au mbili zilizojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi, nyingi zina jina la ukoo na mwaka wa kujengwa vilivyochongwa kwa saruji juu kabisa, kwenye paji la nyumba. Wapiga picha hupenda huko juu. Raha yenyewe iko chini. Ghorofa ya juu imetokeza mbele kuliko duka, ikashikwa na nguzo pembeni mwa barabara, na chini yake ikabaki njia iliyoezekwa, pana kiasi cha watu watatu kupishana. Mwenye duka anapata kivuli, bidhaa zake zisipauke. Aliyepanga juu anapata roshani ya kupunga upepo jioni. Na wewe mpita njia, ambaye hukuchangia hata tofali moja, unapata pa kupita juani na mvuani.

Fundi cherehani anayenipunguzia suruali yuko chini ya njia kama hiyo. Ana cherehani ya miguu, meza ya kukatia iliyotandikwa blanketi la kijivu lenye alama za pasi, na stuli mbili: moja ya mteja, nyingine ya yeyote. Kwenye nguzo iliyo karibu naye amepigilia misumari ya kutundikia nguo zilizokwisha. Sakafu ni terazo ya zamani, nyeusi kwa nyeupe, imeng'aa kwa kukanyagwa. Hatua chache kutoka kwake hukaa muuza kahawa na birika lake juu ya jiko la mkaa, kashata kwenye sinia, vikombe vimezama kwenye ndoo ya maji. Ikinyesha, watu wanamiminika kutoka pande zote: karani mwenye faili, mama mwenye mtoto mgongoni, bodaboda watatu na pikipiki zao wakiomba samahani. Fundi anavuta nguo zake karibu na ukuta, anaendelea kushona. "Mvua ikija nakuwa na ofisi kubwa kuliko ya waziri," aliniambia, "ila wafanyakazi wote wanasubiri ikatike waondoke." Hakuna anayemfukuza mtu. Hata angetokea wa kufukuza, angeanzia wapi? Dari ni ya mwenye nyumba, sakafu inakanyagwa na wote.

Nisije nikaonekana naupamba ukoloni. Wajerumani walianza kuugawa mji kwa kanuni za ujenzi, na Waingereza wakaja kuzikaza. Mji ukawa na kanda tatu. Ujanja wa kanuni zenyewe ni kwamba hazikutaja rangi ya mtu. Zilitaja aina ya nyumba. Ukanda wa kwanza ulikuwa wa nyumba za mtindo wa Kizungu zenye bustani, upande wa bahari ambako upepo unaanzia. Wa pili, majengo ya maduka na makazi yaliyobanana. Wa tatu, nyumba za miti na udongo. Kila mtu alijua nani ana uwezo wa kujenga nini, kwa hiyo haikuwapo haja ya kuandika zaidi. Kati ya ukanda wa pili na wa tatu ukaachwa uwanja mtupu, ndio Mnazi Mmoja, kwa hoja ya afya: eti maradhi ya Kariakoo yasivuke kuingia mjini. Miongo michache baadaye uwanja huohuo uliowekwa kuwatenga watu ukawa ndio wa kuwakusanya, kwa mikutano ya siasa na kwa swala za Idi. Hilo hunifurahisha kila nikipita pale, ingawa siku hizi nikipita nakuta uzio.

Ninachosema kuhusu Uhindini ni kidogo tu, kwamba katika mji uliopangwa kwa ubaguzi, mtu fulani alikumbuka kuwa barabarani kuna watu na juu yao kuna jua. Halafu mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo, ikazichukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na nyingi ya hizo zikaangukia mikononi mwa Msajili wa Majumba, ambaye baadaye aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo ukiona nyumba ya namna hiyo inavunjwa, mara nyingi ni mali yako na yangu inayovunjwa. Sijawahi kuona tangazo la kutuuliza.

Na zinavunjwa kweli. Kiwanja kinazungushiwa mabati, miaka miwili mitatu inapita, panasimama mnara. Kwangu tatizo haliko kwenye kimo chake, liko miguuni. Itazame minara mipya ya katikati ya mji kutoka chini: ghorofa za mwanzo ni maegesho ya magari, tano, sita, saba, zimezibwa kwa vyuma vya mlalo. Usawa wa barabara kuna lango la gari, mteremko, kibanda cha mlinzi, chumba cha jenereta, kisha mlango wa vioo. Viyoyozi vinatema joto lao nje, yaani kwetu. Kivuli chake ni kirefu, lakini kinaangukia paa za jirani. Pale mlangoni, ambapo mtu angekihitaji, zege linachoma mpaka soli ya kandambili inalainika.

Wakati shangazi yangu anafuatilia mirathi ya marehemu mumewe, nilikuwa namsindikiza mjini. Siku moja tukisubiri ofisi ifunguliwe baada ya chakula cha mchana, miguu ilimuuma, akatandika khanga kwenye ngazi ya mnara mmoja ambao sitautaja. Mlinzi akaja, kijana, na adabu zake zote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani bibi, hapa haturuhusiwi kukalisha watu."

"Mbona hujanikalisha? Nimekaa mwenyewe."

Kijana akacheka, kisha akanigeukia mimi. "Kaka, nisaidie. Kuna kamera. Bosi akiona nitaulizwa mimi."

Tukainuka kwa kumhurumia yeye. Shangazi akakunja khanga yake taratibu, akalitazama jengo kutoka chini hadi alipoweza kufika kwa macho. "Hivi," akaniuliza tukiwa tunavuka barabara, "wanaokuja humu wote, huwa hawachoki?"

Hawachoki, shangazi. Wanakuja na gari.

Watu wakisikia maneno yangu haya hudhani nachukia zege. Hapana. Jengo ninalolipenda kuliko yote Dar es Salaam ni la zege tupu, kubwa, lisilo na haya: Soko Kuu la Kariakoo. Lilijengwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, wakati Serikali ilipotaka soko la kisasa mahali pa banda la zamani la Wajerumani. Msanifu wake alikuwa Beda Amuli, mtu wa kusini mwa nchi hii, aliyesomea usanifu Haifa akarudi nyumbani, akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki kufungua ofisi yao wenyewe ya usanifu majengo. Angeweza kutujengea sanduku lenye madirisha. Akatujengea miavuli.

Ni miavuli mikubwa ya zege, kila mmoja umesimama juu ya nguzo yake moja. Kingo zimeinuka na katikati pamezama, kinyume cha mwavuli wa mkononi. Mvua ya Dar, ile ya Aprili isiyo na mzaha, inatua juu, inakusanyika katikati, inashuka na nguzo mpaka kwenye tangi lililo chini ya ardhi. Joto la watu, la mboga na la samaki wakavu linapanda na kutokea pembeni, kwa sababu pembeni pako wazi. Chini kabisa ni shimoni, kwenye biashara ya jumla. Juu yake rejareja. Ukisimama ndani hujisikii umefungiwa. Unajisikia uko uwanjani, ila jua limekatazwa.

Mimi nalisoma jengo lile hivi. Muuzaji wa soko la wazi, popote pale Afrika Mashariki, anahitaji kitu kimoja kabla ya meza na kabla ya mizani: kivuli. Atatafuta mti, akikosa mti atasimika mwavuli, akikosa mwavuli atafunga khanga kwenye miti minne. Amuli aliichukua haja hiyo moja, akaiheshimu, akaikuza mpaka ikawa soko la taifa. Hakuanza na sura ya jengo. Ndiyo maana hata mtu asiyejua lolote kuhusu usanifu akiingia mle anajua pa kwenda.

Usiku wa Julai 10, 2021 soko liliungua. Wafanyabiashara wakahamishwa, Serikali ikatenga takriban shilingi bilioni 28 za kulikarabati na kujenga soko jingine jipya pembeni yake. Kwamba halikubomolewa ni jambo la kushukuru, maana mijini kwetu moto ni kibali cha kubomoa. Hofu yangu iko kwenye yale mapengo ya pembeni. Soko likishakarabatiwa huwa anatokea mtu mwenye wazo la kuziba: kuweka vioo hapa, geti pale, fremu za ziada kule ambako upepo ulikuwa unapita. Fremu zinaleta kodi na upepo hauleti. Hesabu hiyo ikipigwa mara kumi na kila mara upepo ukashindwa, miavuli itabaki mapambo juu ya joko.

Tena upepo umekwisha kushindwa mitaa yote inayolizunguka. Kariakoo ya wazee wetu ilikuwa ya nyumba za Kiswahili za chini: mlango katikati, ukumbi mrefu, vyumba huku na huku, uani nyuma, na mbele baraza la saruji lenye urefu wa nyumba nzima. Baraza lilikuwa la mwenye nyumba, lakini nani aliwahi kuomba ruhusa kulikalia? Bao lilichezwa hapo, posa zilizungumzwa hapo, mgeni aliyepotea alikaa hapo mpaka mwenyeji wake apatikane. Viwanja vilevile leo vina ghorofa sita mpaka kumi, na chini kila hatua ni fremu. Wengine hawaridhiki na kupanda juu, wanachimba. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo asubuhi, likaua zaidi ya watu 20, na walioshuhudia walisimulia kuwa chini kulikuwa kunachimbwa kuongeza nafasi ya biashara. Miaka 11 kabla ya hapo, Machi 29, 2013, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka likaua watu 36. Nikiyasoma matukio hayo mawili pamoja naona tamaa ileile, ya kukamua kila mita ya ardhi mpaka ardhi yenyewe ikatae.

Sasa nije kwa machinga, ambao ukiwataja tu Dar watu wanagawanyika. Desemba 2018 wafanyabiashara wadogo walianza kupewa vitambulisho vya shilingi 20,000, wakatandaza kila mahali kwa amani. Mwishoni mwa 2021 wakaondolewa. Nilikuwa miongoni mwa waliopumua, sitaki kusema uongo. Njia za waenda kwa miguu zilikuwa zimeziba kiasi kwamba kipofu au mtu wa kiti cha magurudumu alilazimika kupita barabarani pamoja na daladala.

Lakini baada ya mabanda kuondoka nilianza kuona kilichoondoka nayo. Kivuli kiliondoka. Ile miavuli yao, maturubai, viroba vilivyoshonwa pamoja, ndivyo vilikuwa vinafunika njia ya miguu kuanzia asubuhi mpaka jioni. Liliondoka benchi la muuza vocha, ulipokaa kusubiri gari. Aliondoka mtu wa kumuuliza njia, na jicho la saa tatu usiku lililomfanya dada anayetoka kazini asione uchochoro ni mrefu. Tukabakiwa na lami safi, nyeupe kwa jua. Mipango miji yetu ilikuwa haijawahi kujaza hizo kazi, machinga ndio walikuwa wanazifanya bila mkataba. Ukiwaondoa, kazi hazifanywi na mtu.

Suluhisho la kuwapandisha ghorofani lilijaribiwa pale Karume, Ilala, kwenye Machinga Complex, na ghorofa za juu zikawa tabu kupata wateja. Anayenunua soksi hapandi ngazi kufuata soksi. Ananunua kwa sababu soksi zimemkuta anapita. Hili halihitaji mtaalamu, muulize muuza soksi yeyote.

Mwendokasi ulipoanza Mei 2016 nilipata matumaini, kwa sababu pamoja na mabasi tulipewa kitu adimu Barabara ya Morogoro: njia pana ya miguu, iliyosawazishwa, upande huu na huu. Pana kweli. Ila tembea kutoka Magomeni hadi Fire saa saba mchana, kisha uniambie. Pana bila mti ni sawa na sufuria pana. Wenye akili wanatembea wakifuata kivuli chembamba cha nguzo za umeme.

Tuna maeneo ya wazi, sikatai. Kivukoni, miti mikubwa ya ufukweni bado ina watu chini yake kila siku, wanaangalia meli, wanakula mhogo, wanasubiri pantoni au hawasubiri chochote. Ile ni sehemu bora kuliko nyingi zilizopangwa. Bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kujaribia mazao ya koloni imebaki kipande jirani na Makumbusho ya Taifa; ukipata benchi, umepata. Jangwani kumebaki wazi kwa sababu mto Msimbazi hauna mzaha. Nafasi kubwa ya kijani kuliko zote katikati ya mji ni uwanja wa gofu wa Gymkhana, na huo ni wa wanachama. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa na Waingereza mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza, iko katikati ya mzunguko wa magari. Kila mtu anaitumia kuelekezana, na hakuna anayeweza kuikaribia akaisoma ila kwa kuhatarisha kuingia kwenye orodha ya marehemu wake.

Kwa hiyo vijana wetu wanakwenda wapi kutembea? Mlimani City. Tangu 2006 jengo lile lililojengwa kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam limekuwa uwanja wa umma kwa namna ambayo sidhani waliolipanga waliitarajia. Jumapili familia zinavaa, zinakwenda, zinatembea humo ndani kwenye ubaridi, zinapiga picha, zinarudi nyumbani zimenunua aiskrimu moja ya kugawana. Wako wanaolicheka jambo hili. Mimi nalielewa. Mtu anakwenda anakopata ubaridi, usalama na pa kupumzisha miguu, na kama manispaa haikumpa, atapokea kwa mwenye maduka. Shida ni kwamba ukarimu wa mwenye maduka una masharti, na masharti yanaweza kubadilika Jumatatu asubuhi bila kikao.

Coco Beach ndiyo dawa ya wale wasiotaka kuvaa kwanza. Jioni ya Jumapili pale hakuna anayeuliza umetoka Masaki au Manzese. Mchanga ni mmoja, mhogo wa kukaanga ni mmoja, pilipili inawatoa wote machozi. Kila ninaposikia fununu ya mradi wa "kuuboresha" ufukwe ule moyo hudunda, kwa sababu katika mji huu neno hilo huja na geti.

Ingawa si lazima lije na geti. Forodhani, Unguja, ilikarabatiwa na taasisi ya Aga Khan ya utamaduni ikafunguliwa upya mwaka 2009. Wakatengeneza taa, wakapanga wauza chakula mahali pao, wakatunza miti, wakaacha watoto waendelee kuruka baharini kutoka ukutani. Mtalii analipa bei yake kwa pweza, mwenyeji anakaa ukutani bila kulipa kitu. Si mbali, ni boti tu ya asubuhi. Wapanga mji wetu wangeweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo, wakiwa wamekula urojo.

Ombi langu kwa Dar ni dogo na halihitaji mfadhili. Kanuni ya ujenzi iseme kwamba katikati ya mji, jengo lolote jipya linalopakana na barabara liache chini njia iliyoezekwa, wazi mchana na usiku, yenye upana unaotosha watu kupishana na mmoja kukaa, na iungane na ya jirani. Singapore waliandika kanuni ya namna hiyo mwaka 1822, na mpaka leo unaweza kutembea mitaa ya zamani kule mvua ikinyesha na usilowe. Mwenye jengo atalalamika kuwa anapoteza fremu. Aongezewe ghorofa moja juu, kwani huko juu nani anamzuia? Nyumba za Uhindini zinathibitisha kuwa mwenye mali hafi kwa kumpa mpita njia kivuli. Baadhi ya koo zile zilitajirika chini ya dari hizo.

Nyumba za Magomeni Kota, zilizokuwa zimevunjwa miaka ya nyuma, ziliporudishwa kama maghorofa kwa ajili ya kaya 644 mwaka 2022, niliwatembelea watu ninaowafahamu. Nyumba ni nzuri, maji yanatoka, hilo lisidharauliwe na mtu ambaye hajawahi kubeba ndoo. Lakini jioni, kina mama walikuwa wameshusha viti vya plastiki chini, wamevipanga kwenye kivuli cha ukuta karibu na ngazi, mgongo ukutani, uso njiani. Walikuwa wanajenga baraza upya kwa viti. Hakuna aliyewafundisha na hakuna mchoro ulioliwazia. Msanifu wa mradi ujao angekwenda kuwaangalia saa kumi na moja jioni kwa wiki moja tu, angepata mchoro wake bure.

Na bado sijagusa vyoo, ambavyo kwa mwanamke ndivyo vinavyoamua kama mji ni wake au la. Mwanaume wa Dar ana ukuta, tena hata ulioandikwa "usikojoe hapa". Shangazi yangu siku za mirathi alikuwa hanywi maji tangu alfajiri mpaka arudi nyumbani, kwa sababu hakujua atajisaidia wapi, na vyoo vya kulipia alivyovijua vilikuwa stendi, mbali na ofisi zote alizotumwa. Mtu mwenye sukari, kwenye joto la Februari. Dada zetu wanaofanya kazi Posta wana ramani yao kichwani ya hoteli ambazo ukiingia kwa kujiamini, kichwa juu, mkoba begani, mapokezi hawakuulizi. Ramani hiyo nimeiomba nikaambiwa haigawiwi kwa wanaume.